Ombi la Kuondolewa kwa Mashine Isiyozimwa Sebuleni kwa Nyanya

Valentine Bonareri,
Nyumbani kwa Nyanya Bochaberi,
Kebirigo.

Kwa Katibu wa Kamati ya Ukoo,
Duka la Kutengeneza Redio na Televisheni,
Mosocho.

Mheshimiwa Katibu, ambaye pia ni Baba Mdogo wangu Manasseh,

MINTARAFU: MASHINE YA KIJIVU ULIYOTULETEA LIKIZO HII

Nakusalimu kwa heshima. Unajua kwamba mimi si mtu wa kulalamika. Tangu nizaliwe umenisikia nikisema maneno yasiyozidi kumi na tano, na mengi kati yake yalikuwa "asante". Mdomoni maneno yangu hukwama, lakini kwenye karatasi hutembea vizuri, ndiyo maana nimeandika.

Utakumbuka kwamba ulituletea ile mashine ya michezo ya televisheni ambayo mteja aliiacha dukani kwako kabla sijazaliwa, asirudi kuichukua. Ulisema ina umri mkubwa kuliko wangu na kwamba itanifurahisha mimi. Nimeishi nayo nyumba moja siku ishirini na tatu na sijaishika hata mara moja. Hilo si lalamiko. Nalitaja tu ili taarifa iwe kamili. Ninachoomba ni uje uichukue kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu zifuatazo:

1. Desturi ya kupuliza. Siku ile ulipoondoka, tuliiwasha ikatoa rangi ya kijivu tupu. Bravin, binamu yangu anayesoma chuo Eldoret, alisema dawa ni kuitoa kaseti ya mchezo na kuipuliza kwenye meno yake. Basi tukapuliza kwa kufuata umri, kama tunavyofanya kila kitu katika boma hili. Nyanya alipuliza kama anayefufua moto wa kuni. Haikuwaka. Bahati nzuri Mzee Onyiego wa kanisa alikuwa amepita kuandika majina ya watakaokwenda makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, akaombwa naye apulize. Alipuliza mara moja, kwa upole, na picha ikaja. Hapo hapo Nyanya akaweka sheria: ambaye pumzi yake imeiamsha mashine ndiye anayeanza kucheza. Mzee alianza, akashindwa kabla chai yake haijapoa. Mimi zamu ya kupuliza haikunifikia.

2. Kutozimwa. Mchezo wenyewe ni mmoja tu. Matofali yanashuka kutoka juu, unayageuza na kuyapanga, na mstari ukijaa bila pengo unatoweka. Mwanzoni Nyanya alikasirika kwamba mstari uliopangwa vizuri namna ile unaondolewa. Kisha akasema ni kama chai tu: unachuma leo, wiki ijayo imechipuka, na hakuna mtu aliyewahi kuimaliza. Tangu siku hiyo hajaondoka kwenye kile kiti ila kwa sababu maalumu. Vidole vilivyochuma majani mawili na chipukizi kwa miaka arobaini vimepata shamba jipya. Siku ya nne alifikisha alama 48,730, na nambari hiyo ikapanda juu ya skrini kama rekodi. Sasa, wewe kama fundi unajua kwamba mashine hizi za zamani hazina kumbukumbu. Ukiizima, inasahau kila kitu. Nyanya alipoelezwa hivyo aliuliza ni nani basi mwenye wazimu wa kuizima.

Nilimwandikia barua fupi nikijitolea kuinakili nambari hiyo kwenye daftari. Alikataa. Alisema karatasi huandikwa chochote na yeyote, na akanitazama kama mtu anayejua ninayoandika.

3. Mchango wako mwenyewe katika tatizo hili. Wengine wangesema izimwe televisheni na mashine iachwe. Televisheni yetu, kama unavyokumbuka kwa kuwa uliitengeneza wewe, haina kitufe cha kuzimia. Ulikitoa mwaka juzi ukasema utarudi na kingine. Huzimwa ukutani, na huko ukutani uliunganisha waya wake na wa mashine kwenye plagi moja. Sisemi zaidi, kwa sababu wewe ni Katibu.

4. Sabato. Ijumaa jua likizama hatuwashi televisheni. Nyanya alilitafakari jambo hili tangu Jumatano, akapata jibu: hatutaiwasha, kwa kuwa tayari inawaka. Aliusimamisha mchezo, akachukua kile kitambaa cheupe cha maua alichofuma mwenyewe, kinachokaa kwenye kiti cha wageni, akaifunika televisheni yote. Tukaimba, tukasoma neno. Lakini kitambaa cha kufuma kina matundu, Katibu. Mwanga ulipita ndani ya maua, na ukuta mzima ukawa bustani nyekundu na kijani. Mzee Onyiego, aliyekuwa akituongoza, alifungua jicho moja katikati ya sala. Baadaye alipouliza mwanga ule ni wa nini, Nyanya alimjibu kwamba hata televisheni inapumzika, ila yenyewe hulala macho wazi. Mzee alilikubali jibu hilo. Sabato iliyofuata alikuja mapema, akachagua kiti kinachotazama ukuta.

5. Mlinzi. Tukiwa kanisani Jumamosi, mtoto wa jirani angeweza kuingia akachezea swichi. Kwa hiyo Nyanya alimwomba Shueib, mwenye duka tunakonunua sukari, akae sebuleni alinde, kwa kuwa yeye siku yake ya kuswali pamoja na wenzake ni Ijumaa. Shueib ni mlinzi mwaminifu. Analinda kwa kucheza, akidai mashine ikikosa kazi hupata joto. Jumamosi iliyopita alifikisha 48,200. Nyanya hakulala vizuri. Alimwambia mbele ya wateja dukani kwamba mtu anayeacha mapengo kwenye mstari hawezi kupima sukari sawasawa, naye Shueib akamjibu kwamba mama mkwe wake humwambia maneno makali kuliko hayo na bado anakula vizuri. Sasa Ijumaa mchana Shueib akienda msikitini ni saa za Nyanya, Jumamosi Nyanya akienda kanisani ni saa za Shueib, na siku tano zilizobaki wanabishana. Nimeitafuta siku yangu katika ratiba hiyo nikaikosa. Hili pia si lalamiko.

6. Bravin. Alikuja na simu yenye michezo ya kisasa, ambamo unaona hadi jasho la mchezaji likimtiririka shingoni. Siku ya kwanza aliicheka mashine, akasema mahali pake ni makumbusho. Siku ya tatu simu yake ilikuwa chini ya kiti, imezima, naye anamsihi Nyanya ampe raundi moja tu. Nilijikaza nikamwuliza sababu. Alisema mchezo wa simu kila asubuhi unakuita upokee zawadi na unakubembeleza usiondoke. Huu hauna haja nawe. Ukishindwa, umeshindwa wewe, na tofali linalofuata linashuka vilevile. Nimeliwaza jibu hilo kuliko nilivyowaza hesabu za likizo, na ninalihesabu kuwa hasara ya masomo.

7. Umeme. Nyanya amepiga marufuku pasi, isije ikaikata fyuzi ya nyumba. Sare yangu ina makunyanzi kama jani la ndizi la juzi. Wiki iliyopita aligundua kwamba kinu cha kusagia mahindi kikianza kunguruma, taa zetu hufifia. Alikwenda kwa mwenye kinu, akamketisha chini, akamwomba asage polepole. Mwenye kinu alikuwa mwanafunzi wake wa shule ya Sabato. Hakuwa na la kufanya. Nusu ya Kebirigo sasa inakula ugali wa jioni ukiwa umechelewa, na hawajui sababu ni matofali. Katika maombi ya nyumbani, umeme umewekwa baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri.

Kwa hayo yote, naiomba Kamati ikuagize wewe uje Jumapili, uichukue mashine, na badala yake uniletee kamusi kubwa. Kamusi haina plagi. Mtu anaweza kuifunga na kesho ikawa bado inakumbuka kila kitu.

Msalimie Mama Mdogo, wasalimie watoto, msalimie fundi mwenzako mwenye kikohozi, na yule paka wa dukani. Nyanya angekusalimu pia ila mikono yake yote miwili ina kazi.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Valentine Bonareri, Kidato cha Tatu.

N.B. Barua hii niliifunga jana, Jumatano, nimpe Shueib anayepita Mosocho kesho asubuhi. Nimelazimika kuifungua. Leo saa tisa alasiri umeme ulikatika kijiji kizima. Uliporudi, rekodi haikuwapo. Nilidhani nitafurahi. Nyanya alikaa akiitazama skrini ya kijivu, na mikono yake ikawa juu ya magoti kama ya mgeni. Alipuliza kaseti, ikagoma. Bravin akapuliza, Shueib akafunga duka akaja akapuliza. Mzee Onyiego yuko makambi Nyamarambe. Kwa kufuata umri, nilibaki mimi.

Nilipuliza mara moja, picha ikaja.

Sheria ni sheria, kwa hiyo nilianza mimi. Nimepata alama 6,140, na kwa sasa ndizo kubwa kuliko zote zilizomo kwenye mashine. Nyanya amerudiwa na sauti yake. Anasema mikono yangu imezoea kalamu na nimpishe. Nimemwambia: "Nyanya, tafadhali ngoja zamu yako." Hayo ni maneno matano, yaongeze kwenye yale kumi na tano.

Kwa hiyo Jumapili usije, au ukija usije na gari. Kamusi inaweza kungoja. Tafadhali mpigie simu mwenye kinu asage polepole. Kesho jua likizama Sabato inaingia, na kitambaa nimeshakifua.