Ligi ya Besiboli Kwenye Shamba la Mke Wangu

Jumatatu, 5 Mei
Nimefukuzwa kamati ya mpira wa miguu. Masoudi, mwenye duka na mwenyekiti wetu, amesema timu inahitaji mabao, si hotuba. Dikteta! Bahati nzuri nina kitabu. Besiboli ya Marekani, mwaka 1890: wachezaji waliwaasi matajiri waliowamiliki kama ng'ombe, wakaanzisha ligi yao wenyewe. Nimefika katikati. Wanashinda! Nami nitafanya hivyo hapa Ukata.

Jumanne, 6 Mei
Nimehutubia kilabuni. Nusu ya timu ya Masoudi imenifuata! Placidi, golikipa, akauliza besiboli inachezwaje. Nikamweleza: unapiga mpira kwa gongo, unakimbia vituo vyote, unarudi nyumbani ulikoanzia. Akauliza kwa nini asibaki hapohapo tangu mwanzo. Soka imewaharibu vijana hawa.

Jumatano, 7 Mei
Masoudi katunyima kiwanja. Kwingine kote ni mlima. Limebaki shamba la mke wangu Hilda. Lakini ni la ngolo: mashimo matupu kama sega la nyuki, ya kuzuia mvua isibebe udongo, na juu ya matuta maharage yametoa maua. Ndiyo mboga yetu ya mwaka mzima. Nikaomba. Hilda akasema, Baba Clemence, ukiyavunja, ngolo zote utazichimba upya wewe. Nikacheka. Kwetu mwanaume hulaza nyasi za kufukiwa chini ya matuta, basi. Kuchimba ni kazi ya wanawake. Nimelichukua jibu hilo kuwa ruhusa.

Jumamosi, 10 Mei
Hilda kaenda gulioni. Watu wamejaa! Wachezaji nimewagawa timu mbili. Gongo: mchi wake. Mpira: mmoja. Placidi akaupiga, ukapotea mashimoni. Akakimbia. Kituo cha kwanza, cha pili, kisha hayupo. Tukasikia sauti kutoka ardhini ikiuliza kama hiyo inahesabiwa.

Timu zote mbili zikaingia kuutafuta mpira. Watazamaji nao. Masoudi, njiani na kipande cha muwa, akanipigia kelele: hongera kaka, mimi miaka yote sijawahi kuzika golikipa!

Mpira ulipopatikana, hapakuwa na shina lililosimama. Hilda akarudi. Alinipa jembe.

Jumapili, 11 Mei
Placidi na wenzake wamerudi kwa Masoudi. Kwa soda moja moja! Nimemaliza kitabu kwa hasira. Kumbe ile ligi ilikufa baada ya msimu mmoja. Waliotoa mitaji walikwenda kupatana na matajiri wa zamani. Habari nzito namna hiyo mwandishi anaiweka mwishoni! Uzembe.

Jumatatu, 12 Mei
Nachimba. Jirani yetu Serafina ameleta wanawake wenzake kuangalia. Ameniuliza, shemeji, hiyo ngolo au kaburi? Hilda hakucheka. Ameazima mbegu za maharage kwa Serafina. Tukiwahi unyevu uliobaki, huenda tukala. Tusipowahi, ni ugali na chumvi. Nikachimba haraka zaidi.

Jumatano, 14 Mei
Mbegu ziko ardhini! Hilda kanipikia chai, kaniita Baba Clemence kwa sauti ya kawaida. Nikakaa ukingoni kupumzika, nikarusha kokoto. Likatua katikati ya shimo la mbali. Safi kabisa!

Nimelitazama shamba upya. Upo mchezo unaitwa gofu. Unataka mashimo kumi na nane tu, na matajiri wameuhodhi wao peke yao. Dhuluma! Nimemtumia Placidi ujumbe: aache soka mara moja.