Salamu za Anjela, Makorora hadi Raskazone

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeamka na wazo! Wiki iliyopita walikuja wageni wanne, na watatu kawapakia Saleh kwenye bajaji yake. Anawaambia kwamba kwa Ernesti, yaani mimi, watazeeka njiani. Jirani wa ukuta kwa ukuta! Mnafiki.

Ziara yangu ni ya miguu. Mgeni anakodi simu, anavaa kispika shingoni (vile vya masikioni viliibwa), anatembea mwenyewe hapa Tanga, Makorora hadi Raskazone, na sauti inamwelekeza. Sauti ni ya marehemu mke wangu, Anjela. Yangu walisema inatisha. Tatizo, dakika sabini. Anjela alirekodi akitembea, na hakumpita mtu bila kumsalimu. Shikamoo Babu Jaku. Mama Sabiha, mguu unaendeleaje? Nusu ya ziara ni mguu wa mama Sabiha! Mgeni unamhusu nini?

Salamu zinakatwa kesho.

Jumanne, 2 Septemba

Godlisten wa steshenari amezikata zote. Aliuliza mara mbili kama nina nakala nyingine. Nikamwambia nimeleta kazi, sikuleta maswali. Nikafuta ile ndefu palepale, maana simu imejaa. Dakika thelathini na moja! Saleh atakoma.

Tangu tumzike, baada ya Pasaka, huwa namsikiliza kila jioni nikila. Leo nimeweka hii fupi. Imeisha kabla sijamaliza wali. Nimekula uliobaki kimyakimya.

Jumatano, 3 Septemba

Mgeni! Dada mmoja kutoka Dodoma. Anasema mji mkuu wote ameuzunguka kwa miguu akiongozwa na simu, na hakupotea hata mara moja. Nikamwambia Tanga ni mji mkuu wa mkonge, kwa hiyo ni yaleyale.

Amerudi amelowa. Babu Jaku alimwita barazani, naye kwa adabu akasimama, akaamkia, akaulizwa kwao, wazazi, mvua za Dodoma. Sauti haikumngoja. Ilipomwambia apinde kushoto akapinda, akaingia uani kwa mama Sabiha, akajikwaa kwenye beseni la nguo. Zamani Anjela alipokuwa anaamkia, mgeni naye aliamkia, wakamaliza pamoja. Sasa sauti inakwenda kama inafukuzwa. Anjela hakuwahi kumwacha mtu nyuma.

Alhamisi, 4 Septemba

Babu Jaku kaniita. Mzee wa Kipemba, macho hayaoni tena. Nikaamkia, akaitikia. Kisha akauliza mbona Anjela siku hizi anapita bila kumsalimu.

Anajua ni mashine, si mtoto mdogo. Lakini kila kispika kilipopita aliitikia, kwa kuwa salamu ikishatolewa lazima ijibiwe. Jana alikuwa ameshaandaa jibu lake, akangoja, sauti ikapita moja kwa moja. "Kaudhika na mie?" akaniuliza. "Nimemkosa nini?"

Nikasema ni mtandao. Mtandao! Nimefika nyumbani nikajifungia nikalia mpaka shingo ikauma. Halafu mbio kwa Godlisten. Vipande hana, alivitupa. Akanikumbusha kuhusu maswali.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepekua simu zote mbovu za humu ndani. Hakuna kitu. Nikampigia binti yetu Loveness, yuko Moshi. Ana sekunde sita tu, mama yake anamuuliza kama amekula. Akalia, nami nikalia, vocha ikaisha. Akapiga yeye, akasema mwaka jana mama alimpa mtu nakala nzima. Alisema jirani hanyimwi.

Saleh! Bora nife. Nimekaa kitandani mpaka adhana ya alasiri, kisha nikaenda.

Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Alizima bajaji, akatafuta, akaweka dakika ya kumi na mbili. Anjela anamwamkia mama yake Saleh, na mama anaitikia kwa mbali, anakohoa, anamkaribisha chai. Mama yake tulimzika mwezi wa sita. Saleh anasema huisikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha bajaji. Akanitumia yote, asitake hata asante.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimevaa kispika mwenyewe nikapita kwa Babu Jaku. Shikamoo Babu Jaku, Anjela akasema. Mzee akainuka nusu kitini. "Marahaba mwanangu, ulikuwa wapi?" Nilishindwa kuendelea. Nimekaa kwenye ngazi yake huku sauti ikienda zake hadi Raskazone bila mimi.

Dakika sabini! Sijui zilikwisha saa ngapi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimetoka kanisani na akili safi. Nimejiuliza, mtu mwenye bajaji, na sauti ya mke wangu mkononi, atakosaje kufungua ziara yake? Hata mimi ningefungua. Nikamwendea, nikaazima simu yake nimpigie Loveness. Akanipa, akaenda kuniletea maji. Nikaifuta nakala yake. Salamu ya mama yake atakuja kuisikiliza kwangu, kwani sisi si majirani?

Sasa nakala ni moja tu duniani, na ninayo mimi. Nimeshinda!

Ila dakika sabini bado ni nyingi. Babu Jaku nimembakiza, sina roho mbaya. Mama yake Saleh anakohoa mno. Mguu wa mama Sabiha, hapana. Kesho asubuhi kwa Godlisten, na asinianzie maswali yake. Simu imejaa tena. Akimaliza tu kukata, nafuta ile ndefu.