Nyangumi wa Makala Yenu Amehamia Kwangu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Ikonge, Nyamira, kwa bibi arusi wa mwezi mmoja na siku nne ambaye bado akimwona mumewe akitoka shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni, anasahau alichokuwa anapika. Mume wangu anaitwa Duke. Nimeliandika jina lake kwa sababu napenda kuliandika.

Nalalamika juu ya makala yenu kuhusu nyanya. Mlisema kuna nyangumi ambao jike akishakoma kuzaa huishi miaka mingi akiwaongoza wajukuu kwenye samaki, na huenda hata sisi wanadamu tumefika hapa kwa sababu ya nyanya waliochimba mizizi wakalisha wajukuu. Kosa ni langu. Nilimsomea nyanya yake Duke, ambaye sote tunamwita Magokoro, nikidhani nitamfurahisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu. Jioni akahamia kwetu na godoro. "Kazi imenifikia," alisema.

Madhara ni haya:

1. Mama mkwe, kwa heshima ya mila, hakanyagi chumbani kwetu. Magokoro mila imemruhusu kila utani. Humwita Duke "mume wangu", mimi "mke mwenza", na huingia bila kubisha.

2. Ananilisha chinsaga mara mbili kwa siku, ile mboga chungu wanayopewa wanawake waliojifungua. Sijajifungua, Mhariri. Nimeolewa tu!

3. Duke akinishika mkono, sauti inatoka jikoni: "Shikaneni vizuri! Nyangumi ataongoza nani, maji?"

4. Sabato iliyopita alileta akina mama wanne wa kanisani waione kazi inavyoendelea. Kazi ni mimi.

Kwa hivyo naomba mchapishe, ukurasa wa kwanza, kwamba utafiti ule unahusu bahari pekee, na Nyamira haina bahari. Mkishindwa, semeni nyangumi mzee hukaa kwake mpaka aitwe. Nitamsomea mwenyewe, polepole.

Wasalimie wahariri wote na wake zao. Wasalimie na nyanya zao, ila hao wabaki walipo.

Mimi, mwenye furaha kupita kiasi,
Celestine Kemuma, mke wa Duke (nimerudia makusudi)

Tanbihi: Usichapishe. Tangu juzi harufu ya chai inanikimbiza nje, na tumboni hakikai kitu ila chinsaga.  Magokoro amefua shuka kuukuu na kuzikata vipande vya mraba. Tafadhali nitumie nakala nyingine ya makala ile. Nina nyanya yangu kule Nyakoe, bado hajaisikia.