Blanketi la Paka Karani na Ziara ya Mama Mkwe

Wenzangu wa darasa la jioni, leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimenikana.

Nawaandikia haraka kabla habari haijawafikia kwa mdomo, maana Nyaramba nzima inajua, na kufikia kesho Kisii mjini watakuwa wanaiuza pamoja na ndizi. Ipateni kutoka kwangu. Mwalimu akipenda, awasomee kwa sauti. (Asiigize.)

Nianze na blanketi, kwa sababu blanketi ndilo fahari yangu. Aibu ilikuja baadaye, tena bila kualikwa.

Mnakumbuka nilivyojifunza kroshia. Taa ya karabai ilikuwa moja tu, nayo iliwekwa upande wa akina mama waliokuwa wakifuma vitambaa vya viti. Mimi nikahamia huko nipate kusoma kwa mwanga. Ndivyo nilivyohitimu mara mbili: cheti cha kusoma na kuandika mfukoni, sindano ya kroshia mkononi. Mlicheka sana. Wengine mliniita Mama Kitambaa. Nimewasamehe. (Majina yenu ninayo.)

Basi Kemunto, mke wangu, alipopata mimba, nikaapa kwamba mtoto wetu hatalala kwenye blanketi la dukani linalofanana na la kila mtu. Nitafuma mwenyewe, mraba mmoja mmoja, na kila mraba uwe na mnyama wetu wa nyumbani. Si ng'ombe wala ndama, hao ni wa kazi. Nasema wale wa kupendwa bure. Paka wetu Karani, aliyepata jina hilo kwa sababu anakaa mezani siku nzima na hakuna anachomaliza. Mbwa wetu Meja. Sungura mweupe. Na jogoo mmoja ambaye alikuwa aliwe Krismasi, lakini Kemunto akamzoea.

Nilifuma nikingoja majani chai yapimwe. Nilifuma nikichunga. Nilifuma kanisani mpaka mzee wa kanisa akanihamishia kiti cha mbele ili anione vizuri. Karani amelala, mraba. Karani ameamka, mraba. (Ni sawasawa, ila macho.) Meja anabweka. Meja anajikuna. Sufu ya kahawia iliisha katika maduka yote ya Kisii, kwa hiyo Meja mmoja ni wa kijani, lakini ukimtazama ni yeye kabisa, hata lile sikio lililopasuka. Sitaki kujisifu. Nasema tu kwamba jogoo wetu alipomwona mwenzake wa sufu, aliwika na kutaka wapigane.

Nyaboke binti yetu akazaliwa, na blanketi likawa limefika ukubwa wa uwanja wa mpira. Haya, nusu uwanja.

Sasa mama mkwe. Yeye ni wa Nyacheki, mchuma chai tangu ujana, na mikono yake ni ya chuma kweli. Siku ya posa alipata kusikia kwamba mimi hufuma. Akasema mbele ya wazee wote: "Mwanamume akishika kroshia, jembe atalishika nani?" Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Juzi akatuma neno: anakuja Jumapili kumwona mjukuu, na akikuta nyumba ya mchezo, atamchukua binti yake na mtoto waende Nyacheki "wakapumzike kidogo". Pumziko la namna hiyo mnalijua. Mke wa jirani yangu alikwenda kupumzika kidogo, na mtoto wao amerudi ana meno yote!

Kwa hiyo leo nilikuwa naokoa nyumba yangu.

Nilipanga mambo kisomi. Kuku (si yule jogoo) yuko chunguni. Unga wa wimbi uko tayari. Blanketi nimelianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, lipigwe na jua, harufu ya moshi itoke. Lilikuwa limekamilika, limebaki fundo la mwisho tu. Miraba yote nilikuwa nimeiunganisha kwa uzi mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, na lile fundo la kufungia nikamwachia mama mkwe alifunge kwa mkono wake mwenyewe, kama baraka. (Wazo langu. Niliona nimepita kiasi kwa hekima.) Na ili kuku wasije wakauvuta uzi, ncha yake nikaifunga kwenye nguzo ya kamba. Nikaifunga vizuri. Nikaivuta nihakikishe.

Kisha nikaenda kuoga. Basi la kutoka Kisii hufika alasiri, na ilikuwa bado asubuhi. Suruali yangu mpya ya tetroni, yenye miguu mipana kama tarumbeta, nikaitundika juu ya ukuta wa matete wa bafu letu la nje. Shati juu yake. Taulo juu ya shati. Nikajimwagia maji nikiimba sauti zote nne peke yangu.

Nikasikia kutafuna.

Nikachungulia. Ndama! Suruali iko mdomoni, mguu mmoja umeshafika koo. Shati na taulo ameviangusha matopeni na amesimama juu yake kama anahutubia.

"We! Wacha!"

Akanitazama vile anavyoweza kukutazama mnyama ambaye hukumpa mraba. Kisha akatoka mbio na tetroni yangu, akapotea kwenye majani chai.

"Kemunto!" nikaita. Alikuwa katika kibanda cha jiko upande wa mbele, na Nyaboke alikuwa analia kwa sauti ya mhubiri. Nyumba yetu ina mlango mmoja, nao uko mbele. Mimi niko nyuma, kama nilivyozaliwa. Karibu yangu kuna kitu kimoja tu cha kumsitiri mtu. Nikalivuta blanketi kambani, nikajizungushia kama askofu, nikaishika njia.

Hapa niwaeleze ninyi ambao hamkuhamia upande wa taa. Kroshia ina matundu. Ukijifunika kwa kroshia umefunikwa kama samaki alivyofunikwa na wavu. Lakini mimi hufuma kwa kukaza, na jogoo nilimweka mahali panapotaka kuheshimiwa. Nikajiambia, ni hatua chache tu, nani ataniona?

Nikakata kona.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani.

Amepewa lifti na lori la majani chai! Na hakuja peke yake. Amekuja na mama yake mzazi, Nyanya Bosibori, kikongwe wa kutembelea fimbo ambaye miguu imechoka lakini ulimi bado ni kijana.

Ninyi wa kwetu mmeshashika vichwa. Kwa wageni niseme: mkwe na mama mkwe hawataniani, hawaingiliani vyumba vya kulala, hata kutazamana sana machoni ni makosa. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita chinsoni. Mama mkwe kumwona mkwe wake hana nguo ni jambo la kuitiwa wazee. Lakini bibi wa mke wako, huyo ni wa utani. Yeye ana ruhusa ya kutazama na kusema lolote. Na alitazama. Na alisema.

"Bwakire, Mama," nikaamkia, kichwa chini, sauti nyembamba kama ya kifaranga.

Mama mkwe akageuka upesi, akakaza macho barabarani kama mtu anayengoja basi.

"Mama, huyo ni nani?" mama mkwe akamwuliza Nyanya.

"Ni mume wangu," akajibu Nyanya. "Amesikia nakuja, akavaa vizuri."

Nikapiga hatua kuelekea mlangoni. Nyuma yangu nikasikia *trrr*. Kitu kikaniangukia kisiginoni.

Meja wa kijani alikuwa chini.

Nikapiga hatua ya pili. *Trrr.* Sungura.

Wenzangu, mmewahi kufungua gunia la sukari? Ukiupata ule uzi wenyewe, unavuta mara moja tu na mdomo wote unafunguka. Ndivyo ilivyo kroshia isiyofungwa fundo. Ncha ilikuwa kule nyuma kwenye nguzo, imefungwa vizuri (nilihakikisha!), na mvutaji nilikuwa mimi mwenyewe. Kuukata uzi? Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nikisimama, nimesimama uchi mbele ya mama mkwe. Nikitembea, navuliwa. Hesabu ya namna hii darasani hatukufika.

"Mama, ameshaingia?" akauliza mama mkwe, macho barabarani.

"Bado. Amefika kwenye kinu."

"Amevaa?"

"Amevaa paka wawili, mbwa wawili na jogoo."

"Mama!"

"Paka mmoja. Mwingine ameshuka."

"Mwambie akimbie!"

"Mume wangu," Nyanya akaniita, "unaambiwa ukimbie. Lakini mimi kwa upande wangu sina haraka."

Nikakimbia. Kosa kubwa! *Trrrrrr!* Meja anayebweka akaanguka. Meja anayejikuna akaanguka. Karani aliyeamka akaanguka chali, macho wazi, ameona kila kitu. Meja halisi naye akatokea akibweka, akamkamata Meja wa sufu shingoni. Nikauvuka mlango nikiwa na mraba mmoja tu mkononi. Jogoo. Mungu ambariki yule jogoo.

"Sasa?" akauliza mama mkwe.

"Ameingia," Nyanya akasema, kwa huzuni. "Geuka tu."

Nikavaa kaptura ya shambani na juu yake koti la harusi, nikajitupa kitini. Nje nikamsikia Kemunto akitoka jikoni: "Mama! Nyanya! Mmefika! Mbona mnatazama barabara?"  Nikajua, wenzangu, sasa wanafikiria mizigo. Nikaiona kesho yangu: nyumba tupu, mimi na ndama, tukilaumiana.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Kemunto. Huyu amefumwa na nani?"

Nikachungulia dirishani. Alikuwa ameinama uani, anaokota miraba.

"Na Baba Nyaboke, Mama."

"Huyu paka anayelala?"

"Ni Karani wetu. Yule pale, juu ya meza ya nje."

Akamtazama paka. Akautazama mraba. Akamtazama paka tena.

"Hata uvivu wake ameufuma," akasema.

(Sentensi hiyo iandikwe ubaoni. Isifutwe.)

"Na huyu mbwa, mbona kijani?"

"Kahawia iliisha Kisii."

"Ni yeye. Sikio ni lile lile." Kisha akaushika mraba kwa ncha mbili, akauvuta kwa zile nguvu za Nyacheki. Ukakataa. Akauvuta mwingine. Ukakataa. Akamnyang'anya Meja halisi mraba alioukamata, akaugeuza huku na huku. Mate tele, lakini hakuna hata kitanzi kimoja kilichotoka! Uzi wa kuunganisha ndio ulionisaliti. Miraba yangu ilisimama kama askari.

"Nipeni kiti," akasema mama mkwe.

Wenzangu, mama mkwe akiomba kiti, hajaenda!

Akaingia, akaketi akitazama ukuta huu. Mimi nikatazama ukuta ule. Nyanya akakaa katikati, tukazungumza kupitia kwake kama simu ya posta.

"Mwambie mkwe wangu nilisema vibaya juu ya jembe. Nimepita shambani kwake. Hakuna magugu."

"Mume wangu, shambani kwako hakuna magugu," Nyanya akapeleka ujumbe. "Hata ya kujifichia."

Kemunto akacheka mpaka akamkabidhi mtu mtoto. Na aliyekabidhiwa ni mimi. Nyaboke akaacha kulia pale pale, akaishika kola ya koti langu, akalala. Nikaona kwa pembe ya jicho mama mkwe ameuacha ukuta kidogo, anatutazama. Nikajifanya sikuona. Chinsoni.

Na alikula! Ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, kuku, akarudia mpaka sufuria ikaomba msamaha. Ndipo akainuka kuondoka, na Kemunto akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu.

"Mama, nifungashe nguo za mtoto?"



"Za kwenda wapi?" mama mkwe akasema. "Mtoto ana baba yake hapa, analala vizuri. Nifungie huyo paka. Kuna wanawake kwetu waliocheka sana siku ile ya posa, na mimi nikacheka nao. Nataka wamwone."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuja kuchukua watu wawili, ameondoka na paka mmoja, tena wa sufu. Saa hizi Karani wangu yuko njiani kwenda Nyacheki kukaguliwa, na mimi nimeinua kichwa hadi kinagonga dari. Nyanya naye ameniaga kwa heshima zote. Amesema wakija tena, hatatuma habari mapema, ili nisipate muda wa kuvaa.

Basi nawaomba, ninyi marafiki zangu wa kalamu na karabai, msinicheke. Na kama mmeshindwa kabisa kujizuia, chekeni mkiwa mmevaa.