Mgonjwa Mwenye Unga Mikononi

Wasee, leo nimeaibika hadi natamani kuhama Mowlem.

Mwezi jana nilifutwa kazi kiwandani. Kuwaambia majirani nikashindwa (mimi ndiye niliyekuwa nikipita hapa kila asubuhi na ovaroli iliyopigwa pasi). Nikamwomba mke wangu, Mama Salma, awaambie mgongo umenishika, sitoki kitandani. Hakupenda, lakini akasema. Tangu hapo yeye anaamkia Gikomba kuuza mitumba, mimi nabaki kwa nyumba nikifua, nikipiga deki na kupika, pazia zote zimefungwa.

Leo saa nne nilikuwa nimejifunga leso yake, nakanda unga wa chapati. Nikasikia mlangoni: "Hodi wenyewe. Tumekuja kumwona mgonjwa."

Akina mama wa ploti yetu. Watano. Na mlango sikuwa nimefunga kwa ufunguo.

Nikarukia kitanda, nikavuta blanketi hadi kidevuni, nikaanza kuguna. (Mgongo gani huo unaoruka?) Wakaingia na maziwa, machungwa na nyuso za huzuni. Aliyetangulia ni Mama Zuhura, jirani wa mlango wa pili.

"Pole, baba. Unaendeleaje?"

"Hivyo hivyo tu," nikajibu kwa sauti ya mtu anayegawa urithi.

Sasa, mgonjwa husalimiwa kwa mkono. Mama Zuhura akanyoosha wake, akangoja. Nikajaribu kumpa kiwiko, akakataa. Nikautoa mkono. Unga mbichi ulikuwa umeniganda hadi kwenye kifundo cha mkono, ukamganda na yeye. Mmoja wao akachungulia jikoni, akarudi akitazama sakafu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Zuhura akajipangusa polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Salma, hata mume wangu aliugua mgongo huo walipomfuta kazi. Miezi mitatu. Alipona siku aliyotoka nje."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kumbe wanajua. Wamejua tangu wiki ya kwanza, na maziwa wameleta vilevile. Nikalia, wallahi, mwanaume mzima na leso kiunoni.

Kisha wakainua mikono kuniombea dua. Mgongo hakuna aliyeutaja. Waliniombea kazi.

Kesho natoka nje. Mkinikuta njiani, tafadhali chekeni mkishanipita.