Nafasi za Ndege, Bure Kabisa

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mbaya ya kuandikwa, ndiyo maana naandika.

Bibi mwenye jengo amerudi kutoka safari ya miezi miwili. Akasimama katikati ya ua, akauliza mti uko wapi. Nikamwambia nimeukata, maana ndege walikuwa wanachafua nguo za wapangaji kwenye kamba. Nilitarajia asante. Akasema ule mti ulipandwa na marehemu mumewe, na kwamba kila mwezi akija hapa haji kwa ajili ya kodi, huja kukaa chini yake na kusikiliza ndege. Sikujua. Nilidhani anakuja kupumzisha miguu.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alisema Jumamosi ya tarehe kumi na tano atarudi na mtaalamu wa ndege. Akikuta ndege wamerudi na wanakaa, na mimi nitakaa. Asipowakuta, usimamizi wa jengo unakwenda kwa Fundi Bomba.

Na usimamizi ndio nyumba. Vyumba viwili vya chini, na lile dirisha ambalo mke wangu anapokelea nguo za wateja wake wa cherehani. Miaka kumi na moja tuko hapa. Tukitoka, tunakwenda kwa shemeji, ambaye huhesabu vijiko baada ya kila mlo.

Fundi Bomba alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye ngazi, akadaka mwisho wa maneno tu: ndege, Jumamosi. Huyu anaishi ghorofa ya nne, ambako maji hayafiki. Na yeye ndiye fundi bomba. Sisemi zaidi.

Naogopa. Nimemwambia mke wangu siogopi.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Mke wangu anasema ni wake. Alisema tu, huku akitunga uzi kwenye sindano, kwamba ndege asiye na mti anaweza kutengenezewa kiota cha mbao kikatundikwa ukutani. Mimi nilikuwa nimeshalifikiria hilo, ila sikuwa nimelisema.

Stoo kuna kabati lililoachwa na mpangaji aliyehama bila kuaga. Droo nane. Hazina vishikio. Kila moja mbele ina mwanya mrefu wa kupitisha vidole na kuvuta. Mlango tayari! Nimezipeleka kwa seremala wa ng'ambo ya barabara azifunike juu. Akauliza kama azibe ule mwanya, atoboe tundu la duara la upana wa vidole viwili, kwa sababu shomoro hupenda mlango mdogo. Nikamwambia yeye ajue mbao, ndege aniachie mimi.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema ndege hana vidole. Sikumwelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Masanduku yametundikwa. Nimeyapanga langoni kwa mstari, usawa wa kifua, ili bibi mwenye jengo ayaone kabla hajafungua mdomo. Mke wangu ameuliza kama ndege hupenda kukaa langoni. Nikamjibu hata mimi sikupenda kukaa karibu na ngazi, nimezoea.

Nilitundika manane. Mchana yamebaki saba. Nimekwenda moja kwa moja kwa Fundi Bomba. Akasema hajui lolote, akauliza hizo droo ni za nini. Nikamwambia ashughulike na mabomba yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke wangu amesikia yote, ameendelea kushona.

Kisha nikaona hatari. Wapangaji watatupa maganda mle ndani. Inatakiwa tangazo. Na matangazo ndiyo fani yangu. Shuleni nilipata zawadi ya Kiswahili, kalamu ya wino, mbele ya wazazi wote. Nimetumia mtindo ule ule ninaoutumia vyumba vikiwa wazi, maana kiota nacho ni chumba tu:

NAFASI ZA NDEGE ZIPO.
BURE KABISA.
MASANDUKU NI SABA TU. WAHI.
MAELEZO ZAIDI: MUONE MSIMAMIZI.

Mke wangu amelisoma mara mbili. Akauliza kama ndege wanajua kusoma. Nikamwambia tangazo ni la watu. Akasema hapo ndipo panapomtia wasiwasi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna ndege. Lakini sanduku la tatu lina karatasi.

Imekunjwa vizuri. Ndani, jina la kinyozi wa pale chini na namba yake ya simu. Hakuna kingine. Nimeigeuza huku na huku. Nikairudisha. Saa nane kulikuwa na karatasi sita. Kabla ya jua kuzama, kumi na tisa. Majina na namba za simu. Mmoja ameandika na umri.

Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza. Mwisho nikapata jibu. Wamesikia nakaribia kufukuzwa. Wanajiandikisha kuniunga mkono, kimya kimya, bila kunitia aibu. Na mimi miaka yote hii nikidhani wananichukia kwa sababu ya pampu mbovu ya maji.

Nimemwambia mke wangu kuwa watu wananipenda. Ameniuliza kama nimekula.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi kunyoa, na kumshukuru pia. Mazungumzo yamenichanganya.

Ameniuliza ndege inaondoka lini. Nikamsahihisha kwa upole: ndege *anaondoka*, kwa sababu ni kiumbe. Akasema sawa, Bwana Msimamizi, anaondoka lini. Nikamwambia nia yetu asiondoke, nia ni aje. Akasimamisha mkasi. Akauliza kumbe hata kurudi ni bure. Nikamwambia kila kitu ni bure. Akauliza mizigo je, kilo ngapi. Swali la ajabu, lakini la mtu anayejali. Nikamjibu kila mmoja anabeba anachoweza kwa mdomo. Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia kwenye kioo. Akakataa malipo.

Njiani nikakutana na mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, akaniuliza kama ndege ni kubwa. Nikamwambia, mwalimu wangu, ndege ni *mkubwa*, tena hapana, ni mdogo, anaenea kwenye kiganja. Akanijibu kwamba yeye amefundisha ngeli za Kiswahili kabla mimi sijaota meno, akapanda ngazi bila kuniaga.

Sijui nimemkosea nini. Umri nao.

Jumanne, 11 Machi

Karatasi sitini na nne. Baadhi zina picha ndogo zilizobanwa kwa pini. Wengine siwajui kabisa, ni wa mitaa ya nyuma. Jina langu limefika mbali.

Dada wa ghorofa ya tatu, anayefanya kazi duka la dawa, ameandika chini ya jina lake: *Naomba ya dirishani.* Nikaona hilo linawezekana. Nimeng'oa sanduku la tano, nikapanda ngazi na nyundo, nikalipigilia nje ya dirisha lake. Alifungua pazia, akanikuta hapo na misumari mdomoni. Alinishukuru kama mtu aliyepewa sahani ya mwenzake.

Karatasi nyingine: *Watu wazima wawili na mtoto mchanga mmoja.* Nikadhani ni hesabu ya shomoro waliowaona. Nimewapenda watu hawa. Wanafuatilia.

Na sasa jambo ambalo bado silielewi. Sanduku la kwanza, karatasi ya kwanza juu: jina la Fundi Bomba. Mwandiko wake naujua, maana kila mwezi anaandika "nitakuja kesho". Fundi Bomba, ananiunga mkono dhidi ya Fundi Bomba! Nimempelekea mkono wa amani kule juu. Akaniuliza kama namfikiria. Nikasema namfikiria kila siku. Akanikumbatia.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna ndege hata mmoja. Nimesimama langoni tangu asubuhi. Alikuja shomoro mmoja, akatua juu ya sanduku la pili, akainama kwenye mwanya, akakuta karatasi zimejaa hadi mlangoni, akaruka kwenda zake. Niliumia kweli. Nimewaza kuzitoa. Lakini nikizitoa, bibi mwenye jengo ataona nini? Ndege sina. Nina watu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mama mmoja wa mtaa wa pili amekuja kuuliza Jumamosi waje saa ngapi. Sikumwambia mtu yeyote habari za Jumamosi, kumbe zimeenea. Nikamwambia bibi mwenyewe anafika saa nne asubuhi, lakini anayetaka kunifurahisha aje saa tatu. Akauliza waje na nini. Nikasema waje kama walivyo. Akauliza, hata bila pasi ya kusafiria? Nikasema hapa hatubagui mtu kwa karatasi. Akaniombea dua ndefu pale pale langoni.

Mke wangu amenivuta ndani. Akasema, mume wangu, hebu lisome lile tangazo lako kama mtu mwingine. Nimelisoma kama kinyozi. Nimelisoma kama mwalimu. Halina kosa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Saa tatu lango lilikuwa limejaa. Niliwahesabu hadi tisini, nikaacha. Wote na mabegi. Kinyozi na sanduku la magurudumu. Mwalimu mstaafu amevaa miwani ya jua na mto wa shingoni. Yule mama wa mtaa wa pili na mtoto mgongoni. Mbele kabisa Fundi Bomba, suti, tai, viatu vinang'aa. Nikajiuliza mabegi ni ya nini. Nikafikiri labda wamekuja kulala hapa, kunilinda nisitolewe. Machozi yalinilenga.

Saa nne, bibi mwenye jengo na mtaalamu. Mtaalamu ana kofia ya mviringo na darubini shingoni. Watu wakaiona kofia, wakajipanga mstari bila kuambiwa. Mmoja akamuuliza kama ndiye rubani. Akasema hapana, yeye ni mtu wa ndege tu. Wakampigia makofi.

Akafungua sanduku la kwanza. Karatasi zikamwagika miguuni pake. Akaokota moja, akasoma. Akaangalia mabegi. Akaangalia tangazo langu, akalisoma polepole, na mabega yakaanza kumtikisika, akaketi juu ya begi la kinyozi akicheka bila sauti. Kisha akamnong'oneza bibi mwenye jengo.

Bibi hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwanza nilimwondolea ndege wa mumewe, na sasa nimewaahidi watu mia safari ya angani. Ndipo nikaelewa. Nusu. Nusu nyingine bado inanisumbua: ni nani huyo anayepanda ndege kupitia droo?

Alikuwa ameshageuka kumtafuta Fundi Bomba kwa macho. Niliviona vijiko vya shemeji.

Mke wangu akatokea na sentimita yake shingoni. Akamshika bibi mkono, taratibu, kama mama yake mzazi, akamzungusha nyuma ya nyumba. Nikafuata. Ukutani, juu ya dirisha la cherehani, mbali na lango, mbali na kamba za nguo: droo ya nane. Mwanya umezibwa. Tundu la duara, upana wa vidole viwili. Haina tangazo. Shomoro akaja na kipande cha uzi mwekundu mdomoni, uzi wa mke wangu, akaingia. Ndani mwenzake akamwitikia.

Bibi akakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Alikaa muda mrefu. Sikuthubutu kukohoa. Aliponyanyuka alikuwa amelia, na hakuficha. Akasema usimamizi ni wa mke wangu kuanzia leo, na nyumba ni ya msimamizi. Akasema jambo moja tu: Jumamosi ijayo atakuja tena kusikiliza. Akikuta begi hata moja langoni kwake, yote yamekwisha.

Tunabaki. Nilitaka kupiga magoti.

Lakini nje walikuwa wanasubiri. Mke wangu akaniambia ni watu wangu, nikawaambie ukweli. Nikatoka. Nyuso tisini. Mwalimu wangu na mto wake shingoni. Yule mtoto mgongoni ameshalala. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, naapa. Nikasikia nasema ndege imechelewa.

Hawakukasirika hata kidogo. Wakasema ndivyo zilivyo, wakachukua mabegi, wakaagana hadi Jumamosi. Fundi Bomba akaomba aache begi lake kwetu ili asipande nalo ngazi mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Msimamizi mpya ameanza kazi mapema. Amri ya kwanza: nitoe lile tangazo. Ya pili: nipite mlango hadi mlango, nieleze kwamba hakuna safari, niombe radhi. Alinikabidhi orodha ya majina, imepangwa kwa ghorofa. Anaandika vizuri, ila hana mvuto.

Tangazo nimelitoa. Nikaanza na kinyozi. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha ujumbe kwenye simu: mama yake amepika tayari, anamsubiri baada ya miaka mitano. Nikanyoa tena, ingawa hakukuwa na cha kunyoa. Nikaenda kwa mwalimu. Alikuwa anapiga pasi nguo za baridi. Nikambebea ndoo, nikashuka.

Mtu mwema hawezi kusema habari kama hizi uso kwa uso. Ni ukatili. Habari nzito huandikwa, tena na mtu mwenye fani yake. Mke wangu yuko na wateja, sitaki kumsumbua kwa mambo madogo. Nimekaa meza ya jikoni, nimepima kila neno, nimeandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na sasa hivi limekauka langoni:

SAFARI YA NDEGE IMEAHIRISHWA HADI JUMAMOSI.
WALIOJIANDIKISHA WASIWE NA WASIWASI.
MASANDUKU YAMESHASAFISHWA. NAFASI ZIMEONGEZEKA.

Safari hii sijakosea hata ngeli moja.