Plasta ya Siku Saba

Felician wa Tinde alifukuzwa kazi ya kufagia wodi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa daktari. Wengine husomea udaktari miaka mingi. Yeye aliusomea ndani ya basi, kutoka Shinyanga hadi Geita, na sehemu kubwa ya safari hiyo alikuwa amelala.

Kosa lake hospitalini lilikuwa dogo: wagonjwa walimwamini kuliko daktari. Alikuwa mrefu, ana sauti nzito, na alijua kukunja uso kabla ya kujibu. Mtu akimweleza maumivu ya mgongo, Felician alikuwa anaegemea fagio, anasema "mmh" kwa muda mrefu, na mgonjwa anaanza kupona palepale. Uongozi haukupenda.

Lakini hakuondoka mikono mitupu. Wiki hiyohiyo, akichoma takataka nyuma ya jengo, alikuwa ameokota jarida la madaktari la Kiingereza lenye picha ya mzungu aliyebandikwa kiplasta nyuma ya sikio. Akampelekea daktari wa zamu amsomee, na daktari, bila kujua anampa silaha mtu wa namna gani, akamweleza kwa furaha. Huko Ulaya na Marekani, alisema, wamebuni njia mpya ya kumfikishia mgonjwa dawa. Hakuna kumeza wala kuchomwa. Plasta inabandikwa kwenye ngozi, na ngozi inanyonya dawa polepole, saa kwa saa, kwa siku nzima au hata zaidi. Tayari zipo za kichefuchefu cha safari na za ugonjwa wa moyo.

"Huku kwetu itachukua miaka," daktari alimalizia, akaenda kwa wagonjwa wake.

Miaka. Ilikuwa 1984, hata sabuni ilikuwa inafika kwa kubahatisha. Felician aliona wazi kwamba sayansi ilikuwa imekwama njiani na inamhitaji mtu wa kuitangulia.

Msomaji asimfikirie vibaya kupita kiasi. Felician alitaka kuwa mtu mwema, ila alitaka kuanza wema akiwa na pahali pa kuufanyia. Nyuma ya soko la Shinyanga mzee Leodgar alikuwa na chumba cha mbele cha kupangisha, chenye mlango mpana na dirisha la kioo. Felician alikuwa amekwisha kukiona kichwani: kabati, koti jeupe, dawa halali zenye vibali, na yeye mwenyewe akiitwa Bwana Dawa. Mzee Leodgar alikubali kumshikia chumba hadi Saba Saba. "Siku ya pili yake nampa kinyozi," alisema, na mzee huyo hakuwa mtu wa kubadilisha kauli.

Kwa hiyo Felician akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Nyarugusu, mahali penye migongo mingi inayouma na pesa inayotoka ardhini. Alikuwa na kichupa kitupu cha penisilini. Alihesabu kwamba kikijaa dhahabu hadi mabegani, chumba ni chake.

Plasta alizitengeneza mwenyewe. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli kwa kipimo cha kifuniko cha dawa ya viatu, akaupaka mafuta ya kuchua yenye kafuri katikati, na pembeni solusheni ya kuzibia pancha ili ushike. Kila moja aliitia kwenye bahasha ya barua za ndege, zile zenye mistari myekundu na ya buluu. Bahasha ndiyo iliyomgharimu kuliko dawa.

"Ndugu zangu," alianza siku ya kwanza, amesimama juu ya kreti mbele ya kibanda cha Mama Ghati, mama wa Kikurya aliyewapikia wachimbaji. "Kidonge ni nini? Kidonge kinaingia tumboni, kinakutana na ugali wako, wanagombana. Sindano je? Sindano inamwaga dawa yote kwa mara moja. Leo mwili umeshiba, kesho una njaa. Lakini hii inatoa dawa kidogo kidogo, mchana na usiku, siku saba, na wewe unaendelea kuchimba."

Jambo la kusikitisha ni kwamba kila alichosema kuhusu sayansi hiyo kilikaribia ukweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ndani ya bahasha.

Plasta za kwanza hazikwenda. Mama Ghati alikuwa wa kwanza kurudisha yake.

"Dokta, hii kitu yako haiumi."

"Ndiyo uzuri wake, mama."

"Uzuri gani? Imekaa tu mgongoni kama mgeni asiyejua kusalimia. Sindano inauma, chale zinauma, hata mwarobaini unakunja uso. Dawa isiyouma inafanya kazi gani?"

Wachimbaji waliokuwa wanakula wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa watu wa kuchanjwa na kupakwa dawa kwenye damu; walijua dawa inapoingia mwilini lazima mwenye mwili apate taarifa.

Felician akakunja uso, akasema "mmh" ndefu. Jioni alinunua pilipili kichaa kwa Mama Ghati mwenyewe, akazitwanga, akazichanganya na mafuta. Kesho yake akatangaza kwamba zimewasili za nguvu ya pili.

Hizo ziliuma. Wanaume waliojipandisha kutoka shimo la futi tisini bila kulalamika walionekana wakitembea na mashati wameyashika mbali na mgongo, machozi yakiwalenga, wakiambiana kwa heshima kwamba sasa inaingia. Mama Ghati naye akabandika ya pili. Kichupa cha penisilini kikaanza kupata rangi. Felician alikuwa na mpaka wake mmoja: mtoto mwenye homa hakumgusa, alimrudisha zahanati kwa Nesi Coletha. Migongo tu, mabega, na magoti. Aliuona mpaka huo kuwa ushahidi wa tabia njema, na usiku alikuwa analala vizuri sana.

Ndipo akaja mzee Maduhu.

Maduhu alikuwa Msukuma wa makamo, mkimya, anayezungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa mawe: neno, anasimama, neno. Felician alikuwa amekwisha kumweka kwenye fungu la watu wasio na madhara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Mkono wa kulia. Hapa begani."

Akabandikwa, akatoa punje yake ya dhahabu, akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana", akaenda. Siku ya tatu akarudi mchana, akaangalia kushoto na kulia, akafungua karatasi ya sigara. Ndani mlikuwa na punje nne, nene, zinazong'aa.

"Dokta. Hii dawa yako ina kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Mkono unavuta. Mimi napiga sururu huku, wenyewe unakwenda kule. Nikauacha uende. Ona."

Felician alizitazama punje, kisha akamtazama Maduhu, kisha akakumbuka mpira wa baiskeli. Angeweza kuamini mambo mengi duniani, lakini hilo halikuwemo.

"Nipeleke," alisema.

Walishuka kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Maduhu akakwangua udongo ukutani, wakapanda nao, na Felician akauosha mwenyewe kwenye karai, kwa mikono yake, asije akadanganywa. Alikuwa mtu mgumu kudanganywa, kama mtu wa kazi yake anavyopaswa kuwa. Maji yalipotulia, chini ya karai vikang'aa vijipunje viwili.

Usiku ule hakulala. Hakuwa anafikiri kwamba Maduhu ni mwongo, maana uongo unahitaji akili, na akili, kwa hesabu zake, pale machimboni alikuwa nayo mtu mmoja. Alifikiri habari za penisilini. Daktari alimsimulia wakati fulani kwamba iligunduliwa kwa ukungu ulioota bila kuitwa. Basi nani anajua kafuri ikikutana na pilipili na solusheni zinazaa nini? Dawa inapita kwenye ngozi. Hilo Wazungu wamelithibitisha. Ikishapita, inafika kwenye mishipa. Na mishipa, je, haina chuma? Na chuma hakivutwi na vitu? Kufikia alfajiri alikuwa amesadiki. Alikuwa amedanganya watu mwezi mzima kwa jambo ambalo, kumbe, lilikuwa kweli, na alijionea huruma kwa kujidharau kiasi hicho.

Siku ya saba Maduhu akaja kutaka plasta nyingine. Felician alikuwa anamsubiri.

"Haiwezekani, mzee. Ya pili kwenye mkono uleule inageuka sumu. Upumzishe mwaka."

Maduhu akakaa chini. "Mwaka?"

"Kamili."

"Na mkono wa kushoto?"

"Wa kushoto ni wa moyo. Utakufa."

Maduhu akautazama mkono wa kushoto kwa muda, kama anauaga. "Basi shimo la nini tena kwangu," alisema.

"Ningeweza kukusaidia nilichukue," Felician alisema taratibu. "Sina haja nalo sana. Ni kwa sababu yako."

"Wewe dokta utashika sururu?"

"Nitajaribu."

"Hapana, dokta. Shimo hili nimelizoea. Nimelichimba na marehemu kaka yangu."

Ilichukua siku mbili. Maduhu alikataa, akasita, akaenda kulala, akarudi, akakataa tena. Kila alivyokataa, Felician alizidi kuona dhahabu ukutani. Mwishowe alitoa kichupa cha penisilini, kilichobakiza unene wa kidole kufika mabegani, akakiweka mbele ya mzee.

"Hakijajaa," Maduhu alisema.

Felician akavua saa ya mkononi. Wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili. Maduhu alilia kidogo, kwa adabu, akapanda gari la Chato kwa mtoto wake jioni ileile. Felician alimpungia mkono mpaka vumbi lilipotulia, akimhurumia kwa dhati. Kumnyang'anya mzee shimo lake kwa maneno matupu; hata yeye aliona amezidi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kufika Saba Saba. Kichupa, alijiambia, kingejaa mara tano.

Alijibandika nane: nne mkono huu, nne mkono huu. Kwa mara ya kwanza akajua alichokuwa anauza. Dakika ya tano alikuwa amekaa. Dakika ya kumi alikuwa amesimama. Ilipofika nusu saa alikuwa anazunguka kibanda akiita jina la mama yake kwa sauti ya chini, ili heshima isipotee. Lakini alivumilia, maana inaingia.

Kisha akashuka shimoni, akainua sururu, akasubiri mkono uvute. Mkono ulivuta kweli. Ulivuta kuelekea kwenye ndoo ya maji. Akaurudisha ukutani, akachimba siku ya kwanza na ya pili, akaosha makarai hata akapoteza idadi. Udongo ulikuwa udongo. Siku ya nne malengelenge yalipasuka. Akayafunga kwa kitambaa, akaongeza plasta juu ya kitambaa, akahamia ukuta mwingine. Wachimbaji wa maduara ya jirani walikuwa wanakuja kuchungulia wakati wa chakula, wanakaa ukingoni kimya kama watu walio kanisani.

Siku ya sita alipanda juu, mikono imevimba kama viazi vikuu, akaenda kukaa kwenye benchi la Mama Ghati.

"Pole, dokta," mama alisema, akimwekea chai ambayo hakuweza kuishika.

"Mama, hili shimo la Maduhu mnalijuaje?"

"Lile? Lilikufa zamani. Yeye na kaka yake walilichimba miaka miwili, hawakupata hata cha kuzibia jino. Uliponunua tulishangaa. Wengine walisema labda dokta anataka choo."

Felician akaisukuma chai pembeni kwa kiwiko. Baadaye akauliza, "Na zile punje?"

"Zilikuwa zangu. Alikuja kuazima kwangu, nne na chenga kidogo. Chenga alizibandika ukutani kwa udongo mbichi." Mama Ghati akachochea moto. "Zote alizirudisha kabla hajapanda gari. Mtu mwaminifu sana, yule mzee."

"Na wewe, mama, hukuniambia."

"Hukuniuliza. Halafu mwanangu, kwa wiki mbili nimelala kifudifudi."

Felician aliinuka akaenda zahanati.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliwatambua wengi kwa namna walivyokaa pembeni ya benchi bila kuegemea ukuta. Hakuna aliyemtukana. Walisogea kidogo wakampa nafasi, na huo ukarimu ulimuuma kuliko mikono.

Zamu yake ilipofika, Nesi Coletha alimfungua kitambaa, akabandua mpira mmoja kwa koleo, akaunusa, akausogeza mbali na pua.

"Nani alikufanyia hivi, kaka?"

"Daktari mmoja, Nesi. Wa Tinde."

"Ulimlipa?"

"Nilimpa kila nilichokuwa nacho. Na chumba pale Shinyanga."

"Mtu mzima, umevaa viatu, unajua kusoma. Ulimwamini kwa nini?"

Felician akafikiri. Lilikuwa swali la haki, na mara hii hakukunja uso.

"Anaongea vizuri, Nesi. Ungemsikia."

Nesi akavuta dawa kwenye sindano, akaipima kwenye mwanga wa dirisha. "Geuka. Na ukikutana naye, mwambie aache. Ataua mtu."

"Nitamwambia," Felician alisema, akigeuka. "Lakini hasikii. Nimemwambia mambo mengi sana mtu yule."